DX ya mbio: valvu 20, 7A, injini ya Altezza au turbo?

DX_Kitengela
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla DX, KE70, niliyoachiwa na baba mdogo. Bodi ni nzima ukiondoa kutu ya sakafu upande wa dereva na kwenye kikombe cha shoko cha kulia. Bado inabeba 4K yake ya kabureta, 1,290 cc, farasi sitini hivi ilipokuwa mpya, na nadhani baadhi yao wameshalala. Nataka kuifanya gari la autokrosi (mbio fupi za kupimwa muda kwenye vumbi), na siku mojamoja kupimwa muda kwenye lami. Kazini naenda na matatu, kwa hiyo starehe si hoja.

Nimezunguka Kirinyaga Road, kila duka lina jibu lake. Mmoja ananiuzia 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi ya Levin na Trueno AE111, farasi 165. Wa pili anasema nichukue bloku ya 7A-FE ya Carina, 1,762 cc, niivishe hedi ya 4A-GE. Wa tatu ana 3S-GE ya Altezza, farasi 210, na giaboksi ya gia sita. Halafu kuna jamaa mwenye SR20DET ya Nissan Silvia, turbo na yote, lakini bila giaboksi. Bajeti ya injini, giaboksi na kazi ya kuziunganisha ni laki nne na nusu. Keji (fremu ya chuma ya kumlinda dereva), kiti na mikanda viko kwenye hesabu nyingine. Mngechagua ipi?

Subie_Kayole
Weka EJ20 ya Subaru stori iishe.

FundiKaris
@Subie_Kayole giaboksi ya Subaru ina difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele ndani yake. Ukiitia kwenye DX utafanya nini na ekseli mbili zinazotokea ubavuni, uzitundikie nguo? Inawezekana, lakini si kwa laki nne na nusu.

@DX_Kitengela umeuliza injini, mimi nakuuliza giaboksi. Hapo ndipo watu wanakwama. Gari linaletwa hapa Kariobangi na injini nzuri imefungwa kamba kwenye buti, mwenye gari amemaliza pesa, na hakuna kitu cha kuipeleka nguvu nyuma.

Chukua hiyo valvu 20. Ilizaliwa kwenye gari la kuvuta mbele, imelala kwa upana. DX inataka injini ikae kwa urefu, kwa hiyo unahitaji giaboksi ya T50 kama ya AE86, Corolla ya zamani ya kuvuta nyuma, na hiyo Nairobi ni kama kutafuta maziwa ya kuku. Giaboksi yako ya 4K haifungi pale. Utaenda kwa fundi wa mashine Industrial Area akuchongee bamba la kuunganisha giaboksi nyingine, na bamba likikosea hata kwa unywele, shafti ya giaboksi inakula beringi mpaka ilie.

Bado hujamaliza. Distribyuta (kigawa umeme wa plagi) ya valvu 20 inatokea nyuma ya hedi. Ukiigeuza injini kwa urefu, distribyuta inaelekea moja kwa moja kwenye ukuta wa dashibodi, na njia ya maji nayo iko hukohuko nyuma. Wengine wanapiga ukuta kwa nyundo hadi ipate nafasi. Wengine wanaitoa distribyuta kabisa, wanaweka koili juu ya kila plagi na kompyuta ya kununua, na hiyo kompyuta inaweza kukugharimu kama injini yenyewe. Injini ni tamu, sikatai. Kila silinda ina koo lake la hewa, na mlio wake ukifika mizunguko 7,000 utamfanya jirani aandike barua kwa chifu. Lakini piga hesabu ya vitu vyote, usipige hesabu ya injini tupu.

7A ni hadithi hiyohiyo ya giaboksi, kwa sababu ni ukoo mmoja. Faida yake ni nguvu za chini, na bloku zimejaa mjini. Bloku ni ndefu kwenda juu kuliko ya 4A, kwa hiyo mkanda wa taimingi wa 4A haufiki. Koni-rodi zake, mikono ya pistoni, ni nyembamba, ukiizungusha kama 4A itakutolea mguu nje ya bloku.

Altezza na SR ya Silvia ndizo kati ya hizo nne ambazo kiwanda kilishazikalisha kwa urefu, lakini SR unayouziwa haina giaboksi, na giaboksi unayotajiwa ya Altezza ni yake. Ningeanzia hapo.

Bwana_Nyali
Salamu kutoka pwani. Mwafahamu nyote kwamba hizo namba za farasi zilipimwa kwenye hewa ya chini kama yetu? Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Hiyo valvu 20 ya 165 ikifika kwenu ni kama 135. Altezza ya 210 inakuwa 170 na kidogo, hapo ikiwa bado nzima kama ilivyotoka kiwandani, na nani anayo injini ya umri huo iliyo nzima namna hiyo?

Turbo haioni tofauti kubwa namna hiyo, kwa kuwa inajazia hewa inayokosekana, japo yenyewe huzunguka kwa nguvu zaidi na joto huongezeka. Kwangu mimi SR20DET ndiyo yenye akili kwa mtu wa bara.

Navigeta_Lang'ata
Bwana Nyali hesabu yako iko sawa, ila autokrosi haishindaniwi na kila mtu kwa pamoja. Gari la magurudumu mawili lisilo na turbo lina daraja lake, na lenye turbo lina lake. Akiweka SR20DET anahamia kwa wenye turbo, ambao wengi wana pesa ya kubadilisha tairi kila raundi. Na wapinzani wake wasio na turbo wanapumua hewa ileile nyepesi. Aliye uwanja wa Jamhuri hapa Nairobi anashindana na aliye Jamhuri, si na mtu wa Mombasa.

Kaka, kabla hujanunua hata bolti, pata kanuni za msimu kutoka kwa shirikisho la mbio za magari, KMSF, usome zinavyosema kuhusu ujazo wa injini na kuhusu keji. Nimeona gari zuri likikataliwa kwenye ukaguzi asubuhi ya mashindano kwa sababu swichi ya kukata umeme haikuwa na kamba ya nje.

Nikikaa kiti cha kushoto nataka nguvu za chini. Kona za vumbi ni za gia ya pili, unatoka polepole, na injini inayoamka mizunguko 6,000 inakuwa imechelewa. Kwa hiyo mimi ningeiweka 7A juu ya valvu 20 hata kama fundi anasema koni-rodi ni nyembamba. Huihitaji mizunguko 7,500 pale.

FundiKaris
Dada nakubali kuhusu nguvu za chini. Bado hujaniambia giaboksi.

Navigeta_Lang'ata
😂 Sijakwambia, ni kweli.

Mzee_wa_Ramani
Vijana, mnabishana farasi. Joginder Singh alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1974, akarudi akashinda tena 1976, kwa Lancer ya 1600. Shekhar Mehta alichukua nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun zake zilikuwa na ekseli ngumu nyuma na hazikuwa na turbo, wakati wengine walikuja na magari ya bei mara kadhaa. Gari lililofika ndilo lililoshinda.

Kijana wa Kitengela, hilo tundu la kutu kwenye kikombe cha shoko unalitaja kama jambo dogo. Ukitua kutoka kwenye tuta, uzito wote wa mbele unapita hapo. Ondoa injini iliyopo, kwangua rangi mpaka chuma cheupe, kata kilichooza chote na uchomelee bamba jipya kabla ya kufikiria 3S au nini. Halafu ongeza mishono ya kuchomelea kwenye viungo vya bodi kuzunguka kikombe, maana kiwandani waliunganisha kwa nukta nukta tu. Kazi hiyo haionekani na haina mlio, ndiyo maana hakuna anayeianza.

DX_Kitengela
Mzee shikamoo, na asante. Nimeiweka kwanza kwenye orodha. @FundiKaris nikichukua Altezza, difu ya DX itabeba?

FundiKaris
Haitabeba kwa muda mrefu. Ile difu ndogo ilitengenezewa farasi sitini, wewe unaipelekea mara tatu. Kwenye vumbi tairi linateleza kabla difu haijaumia, kwa hiyo unaweza kuanza nayo ukiwa na adabu kwenye klachi. Siku ya lami, tairi likishika, kitakachoachia ni meno ya difu.

Difu ya Altezza yenyewe usiifikirie. Imefungwa chini ya bodi na kila gurudumu lina ekseli yake inayocheza peke yake, itabidi ujenge upya nyuma yote. Wengi wanaenda kwa difu ya Hilux. Ni pana, kwa hiyo mirija inakatwa, ekseli zinafupishwa, na bolti za rimu si nne kama zako. Propela shafti ni ya kutengeneza upya kwa vyovyote, na uipeleke ikapimwe mizani. Usikubali welda akuambie "iko sawa kwa macho".

Mengine ya Altezza: sampu (bakuli la oili) mara nyingi inagonga boriti ya mbele ya DX, kwa hiyo moja kati ya hizo mbili inakatwa. Giaboksi ni kubwa, handaki la sakafu litapanuliwa na tundu la gia litahama. Na ni injini nzito kuliko 4K, springi za mbele zilezile zitalala.

Bwana_Nyali
Na hiyo SR mumeiacha hivihivi?

FundiKaris
Haina giaboksi, bwana wangu. Nikiipata nayo tutaongea.

Karani_wa_Ngara
Neno moja la karatasi. Namba ya injini iko kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri, lazima waibadilishe kwenye rekodi, na utahitaji ushahidi kwamba umeinunua kihalali. Dai risiti yenye namba hiyo kutoka dukani. Injini isiyo na risiti, hata ikiwa ya nusu bei, iache palepale.

DX_Kitengela
Sawa. Naona inaelekea Altezza, isipokuwa kanuni zinizuie. Kuna nusu gari inauzwa karibu na Gikomba, imekatwa kwenye milango. Naenda kuiona Jumamosi.

FundiKaris
Heri nusu gari kuliko injini tupu. Altezza za mwisho zilitoka kiwandani 2005, na kwa sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane hakuna nyingine nzima inayoingia bandarini, kwa hiyo ukikosa kipande sasa utakitafuta kwenye magari yaliyogongwa humuhumu mjini.

Nenda na kipimo cha kompresheni na betri yako mwenyewe. Pima silinda zote nne, na namba ziwe karibukaribu. Moja ikiwa chini sana mwage kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Fungua kifuniko cha oili uchungulie: ukiona ute mweupe kama maziwa, maji yameingia.

Kisha fuata waya kutoka kwenye injini mpaka kwenye kompyuta kwa mkono, wote. Wauzaji wanapenda kuzikata karibu na dashibodi ili kuondoa upesi. Hakikisha pia pedali ya mafuta na kila kinachoiunganisha na injini vimo. Pedali isipokuwepo, punguza bei au ondoka.