Nimelipa paundi 1,900 nifungiwe ovadraivu kwenye MGB yangu, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nakaa Leicester, Uingereza. Wanaonifahamu humu wanaujua ugonjwa wangu wa magari ya zamani. Ninalolizungumzia leo ni MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1969, ile ya kufunua paa, injini cc 1,798, iliyotoka kiwandani Abingdon na giaboksi ya gia nne bila ovadraivu. Mjini ni gari tamu kupita kiasi. Ukiingia nalo M1, barabara kuu ya kwenda London, ndiyo balaa linaanza. Kwenye maili 70 kwa saa, ambazo ndizo mwisho wa sheria huku, injini inapiga mizunguko kama 3,900 kwa dakika. Kutoka hapa hadi London ni maili kama mia moja, na shemeji yenu njia nzima anaongea nami kwa ishara za mikono.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, ovadraivu ya Laycock. Ni kasha linalokaa nyuma ya giaboksi, kabla ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ukibonyeza swichi, solenoidi inafungua valvu, presha ya oili inasukuma koni, koni inaishika gia ya katikati isizunguke, na shafti inayotoka inaanza kwenda haraka kuliko inayoingia. Klachi huigusi. Mizunguko ile 3,900 inashuka hadi kama 3,200 kwa mwendo uleule. Na kwa kuwa inafanya kazi kwenye gia ya tatu pia, unapata kama nusu gia kati ya tatu na nne, nzuri sana unapotaka kupita lori.

Kitu hiki si cha kichawi. Alikibuni Edgar de Normanville, kikatengenezwa Sheffield, na tangu Standard Vanguard ya 1948 kimefungwa kwenye Triumph, Jaguar, Austin-Healey, hadi Volvo. Kwenye MGB yenyewe ulikuwa unaweza kukiagiza na gari likiwa jipya. Fundi wa Uingereza anayejiita bingwa wa magari ya zamani akisema ovadraivu ni mtihani, ni sawa na mpika chapati anayelalamika unga ni mweupe.

Najua wapo watakaosema ningefunga giaboksi ya gia tano ya Ford Sierra, au hii ya Mazda MX-5 inayopendwa siku hizi. Ni sawa, kila mtu na gari lake. Mimi nilitaka kile ambacho kiwanda kilikuwa kinafunga, na gari langu linaruhusu. MGB za kuanzia mwisho wa 1967 zina handaki pana la giaboksi (ule uwazi chini ya sakafu inamokaa) na gia zote nne zina sinkro, kile kinacholainisha kuingia kwa gia. Ukiwa na ya kabla ya hapo handaki ni jembamba na hata bamba la nyuma ya injini ni tofauti, usinunue giaboksi kwa mtu kabla hujapima.

Sasa hao jamaa. Gereji siitaji jina, mambo yameshafika kwenye barua. Waliniambia wana giaboksi yenye ovadraivu ya aina ya LH, "imefanyiwa ovahoo kamili", yaani imefunguliwa yote na kufanywa upya, kazi ni wiki mbili. Nikalipa amana paundi 150 kwa kadi ya mkopo, nyingine zote nikatuma benki kwa sababu walinipunguzia kidogo. Wiki mbili zikawa kumi na moja. Kila nikipiga simu, mara gasketi haijafika, mara kijana anaumwa, mara mwenye gereji yuko likizo.

Nilipolichukua, siku ya kwanza tu nikaona simu inasema natembea maili 60 na mshale wa spidometa unasema 47. Nikarudi. Mwenye gereji akacheka: "Gari la zamani hilo, saa zake zote zinadanganya." Wakuu, saa ile haikuwa inadanganya kabla hawajaigusa! Kwenye uso wa spidometa hizi za kampuni ya Smiths kuna namba ndogo, yangu inasema 1280, maana yake mizunguko ya kebo kwa kila maili. Pigeni hesabu wenyewe. Sitini kuonekana 47 maana yake giaboksi yao inatoa mizunguko kama elfu moja. Wamefunga ya gari la miaka ya baadaye na hawakuhangaika hata kusoma namba. Na kamera za barabarani huku hazina mjomba, faini ingekuja kwangu.

Hilo ningelimeza. Wiki ya pili ovadraivu ikaanza kusitasita. Nabonyeza swichi, nahesabu hadi tano ndipo inashika, na kwenye kilima inateleza, injini inapaa na gari haliendi. Nikauliza waliweka oili gani. Akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni oili ya gia, giaboksi si inawekwa oili ya gia? Basi nikafungua kitabu cha gari mbele yake. Giaboksi ya MGB inatumia oili ya injini, 20W-50, na ovadraivu inakunywa humohumo maana oili yao ni moja. Hutakiwi kuongeza hata dawa za kupunguza msuguano, kwa sababu koni ile kazi yake ni kushika kwa msuguano! Ukiilainisha unategemea ishike nini? Jibu lake: "Hizi za zamani huwa zinateleza, ndivyo zilivyo."

Nikaona isiwe tabu, nikamwaga oili mwenyewe nyumbani. Chini ya ovadraivu ya LH kuna kifuniko chenye bolti sita, ukikitoa unaona chujio. Nilichokuta ni aibu. Wavu wa chujio umejaa unga wa chuma na vipande vya silikoni ya buluu, ile wanayopaka mahali pa gasketi. Nimepiga picha, nitaziweka hapa chini. Nje kasha limepakwa rangi ya fedha linang'aa, na rangi yenyewe imepita juu ya grisi kavu, ukikwangua kwa ukucha inatoka kama ganda la yai. Hiyo ndiyo ovahoo kamili wakuu. Kopo la rangi.

Ila kilichoninyima usingizi ni kingine. Nikiwa bado chini ya gari, nikamwambia kijana wangu akae ndani, awashe swichi ya injini bila kupiga stata, aweke ovadraivu, aanze kupitisha gia moja moja. Nikashika testa kwenye waya wa solenoidi. Gia ya kwanza, umeme upo. Ya pili, upo. Rivasi, upo!

Anayezijua hizi ameshashika kichwa. Kwenye giaboksi kuna swichi ndogo ya kuzuia, inayoruhusu umeme ufike kwenye solenoidi ukiwa gia ya tatu na ya nne tu. Haikuwekwa kwa urembo. Ndani ya ovadraivu kuna klachi ya roli inayokubali upande mmoja tu. Ukirudi nyuma ovadraivu ikiwa imeshika, gia zinataka kulivuta kasha upande mmoja na ile klachi inalifunga upande mwingine, lazima kitu kivunjike. Jamaa waliona swichi imekufa, wakachukua waya zake mbili, wakazisokota pamoja na kuzizungushia selotepu. Spea yenyewe haifiki hata bei ya mafuta ya safari moja ya London. Kwa wiki tatu nilikuwa natoa gari uani kwa rivasi kila asubuhi, nikiwa mbali na hasara kwa kidole kimoja, na hakuna aliyenitamkia neno.

Nikawapelekea picha. Mnajua alichosema? "Umri huo, gari halihitaji hata kukaguliwa na serikali." Ni kweli, huku gari likifikisha miaka 40 unasamehewa ukaguzi wa MOT. Sasa ndiyo leseni ya kufunga waya kwa selotepu?

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Si kwamba walikosea, fundi yeyote anakosea, hata mimi nimewahi kusahau kukaza nati ya gurudumu. Ni kwamba kila uzembe wao wanausingizia umri wa gari. Spidometa, umri. Oili, umri. Waya walizozisokota mwaka huu kwa mikono yao, umri! Gari la 1969 limetembea miaka hamsini na ushee bila ubabaishaji huo, limeingia kwenye gereji yao wiki kumi na moja likatoka na magonjwa manne.

Na kurekebisha si kazi ya jioni moja. Kwenye MGB giaboksi haishuki yenyewe kwa chini, lazima injini itoke. Maji, redieta, egzosti, propela shafti, yote upya. Wanataka nilipie kazi hiyo mara ya pili, eti spea ilikuwa "used" na used haina dhamana.

Uongo mtupu. Sheria ya haki za mlaji ya 2015 inambana mfanyabiashara hata kwa kitu kilichotumika. Kiwe cha ubora unaokubalika na kilingane na alivyokitangaza, na kazi ifanywe kwa uangalifu na ustadi. Yeye alitangaza ovahoo. Nimemwandikia barua, nimempa siku 14, arudie kazi kwa gharama yake au arudishe pesa.

Shemeji yenu anasema niuze gari ninunue Toyota. Hilo sijadili.

Ninachoomba kwenu, hasa mlioko huku: nani amewahi kupeleka gereji mahakama ya madai madogo? Nitahitaji ripoti ya fundi mwingine kabla, au picha zinatosha? Na kama kuna mwenye swichi ya kuzuia ya LH iliyo nzima, nitafute inbox.

SASISHO: Asante mkuu uliyenikumbusha ile amana ya paundi 150. Nimesoma kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974. Ukilipa hata sehemu tu kwa kadi ya mkopo, na kitu chenyewe kina bei kati ya paundi 100 na 30,000, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji kwa deni lote, si kwa amana peke yake. Nimewapigia leo asubuhi, wamefungua jalada. Gereji nao wamepiga simu mara tatu tangu saa sita, sauti imelainika ghafla. Sijapokea.