Siku ya 39 bila kukosa mazoezi, sasa goti linagoma: nisimame au niendelee? Na jioni nitazame nini na mwanangu?

Karani wa Ligula

Wakuu, salaam kutoka Mtwara mjini. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Nina miaka 47. Ni karani wa ghala, naandika gunia zinazoingia na zinazotoka. Msimu wa korosho ukipamba moto nashinda nimesimama, ukiisha nashinda nimekaa. Mwishoni mwa msimu uliopita nilipimwa presha bure, ikasoma 148 kwa 94. Marehemu baba alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 52, na mimi ndiye niliyembeba kumwingiza kwenye gari. Mkono wake ulivyokuwa unaning'inia begani kwangu sijausahau. Pale pale kwenye foleni ya kupimwa nikaamua.

Nikamwambia mwanangu wa miaka 13 kwamba nitafanya mazoezi siku 100 mfululizo, sitaruka hata moja. Akachukua karatasi ya manila, akapiga visanduku 100 kwa rula, akaibandika nyuma ya mlango wa sebuleni. Kila nikirudi asubuhi ananiuliza, "Baba, leo vipi?" Nikiwa mzima anajaza kijani, nikiwa naumwa anajaza nyekundu. Hajawahi kusahau, hata siku aliyochelewa shule.

Ratiba yangu ni hii. Nikishaswali alfajiri natoka, saa kumi na moja na kitu niko ufukweni Shangani. Nakimbia mchangani kama kilomita tatu, bahari ikiwa mkono wangu wa kushoto, halafu napanda juu narudi kwa lami nikitembea. Nyumbani napiga pushapu 40 na skwati 60. Nilianza na kilo 94, juzi mzani umesoma 89.

Tatizo ni goti la kushoto, upande wa nje. Linauma siku mbili tatu, linaachia kabisa, nasahau, kisha linarudi. Leo, siku ya 39, nimerudi nachechemea, na kushuka ngazi mbili za barazani imebidi nishike ukuta. Mke wangu anasema nisimame. Mimi naiangalia ile manila. Nimemfundisha mtoto kwamba ahadi ni deni, sasa nianze mimi kuacha kisanduku kitupu?

La pili ni la jioni. Zamani baada ya kula nilikuwa nazama kwenye simu, mabishano ya siasa mpaka saa sita usiku, naamka nimechoka. Sasa tunakaa wawili, mimi na kijana, tunatazama kitu kimoja kisha tunalala. Nipeni vya kutazama vyenye uzito, riadha hasa, watu waliovumilia. Viwe vifupi, bando nalihesabu.

Kijana wa Chikongola

Shikamoo mzee. Mimi nasema usisimame. Funga goti bandeji, punguza mwendo kidogo, songa mbele. Wiki za mwanzo kila mtu anaumwa. Nilipoanza gym nilikuwa siwezi kuinua mkono kuchana nywele, leo nabeba mara mbili ya vile. Ukisimama siku moja utasimama na ya pili.

Cha kutazama: tafuta marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Simbu wetu, Alphonce, na Mjerumani Amanal Petros wanaingia uwanjani pamoja, wanafika mstarini pamoja, wote saa 2:09:48. Tofauti yao ni sekunde 0.03. Ikabidi picha ndiyo iamue, na dhahabu ikaja Tanzania, ya kwanza kabisa kwetu kwenye mashindano yale. Kama bando ni tatizo tazama mita 200 za mwisho tu. Mimi niliruka kitandani nikaamsha nyumba nzima.

Dada wa Zamu ya Usiku

Kaka, pole na goti, na hongera kwa kilo tano. Mimi ni muuguzi. Namheshimu mdogo wangu hapo juu lakini kwenye hili simuungi mkono.

Kuna maumivu ya msuli na kuna maumivu ya kiungo. Ya msuli yanakuja siku ya pili baada ya zoezi, yanaenea pajani au kifuani kote, pande zote mbili, na ukipasha mwili moto yanalegea. Hayo ndiyo aliyoyapata mdogo wangu, na hayana neno. Ya kwako yako sehemu moja, goti moja, na yanakufanya uchechemee. Mtu anayechechemea hakimbii. Bandeji haiondoi sababu, inakuziba usiisikie tu. Likivimba, au likikwama kukunja, nenda likaangaliwe.

Halafu presha. Kipimo kimoja kwenye foleni, umesimama, watu wanaongea, hakitoshi kukuambia wewe ni mgonjwa wala kukuambia wewe ni mzima. Nenda ukapimwe upya siku mbili tatu tofauti. Kaa kwenye kiti dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee kipimo kikiwa kinasoma. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, kaa na daktari. Ukipewa dawa, meza, mazoezi yaende sambamba nazo. Na kwa historia ya baba yako nakuomba usiliahirishe hili mpaka siku ya 100.

Kwenye pushapu usizuie pumzi. Wengi wanabana pumzi wakati wa kusukuma, na presha inapanda ghafla. Toa pumzi unapojiinua. Ukisikia kifua kinabana, au maumivu yanapanda kwenda taya au mkono, acha hapo hapo utafute msaada, usimalizie idadi.

Na sisi watu wa kusini, ng'onda na papa mkavu tunavipenda. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki. Loweka, mwaga maji, loweka tena.

Mstaafu wa Mitwero

Karani, nakusalimu kutoka Lindi. Nina miaka 63, nilikimbia tangu shule mpaka kazini, na mpaka leo natembea kila siku.

Hoja yangu iko kwenye maneno ya ahadi yako. Hukumwambia mtoto "nitakimbia siku 100". Soma ulichoandika mwenyewe: ulisema utafanya mazoezi siku 100. Kutembea nusu saa ni mazoezi. Shirika hilo hilo alilolitaja dada linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi ya misuli angalau siku mbili. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Wewe kila siku unakimbia, kila siku unapiga pushapu, kila siku unapiga skwati, mzigo ule ule kwa misuli ile ile. Msuli unajengeka ukiwa umepumzika. Weka siku za kukimbia tatu, siku za pushapu na skwati mbili, zilizobaki tembea. Kisanduku kinajazwa vile vile na deni linalipwa lote.

Kwa kijana wako, mwanzishie Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio nzima haifiki dakika nne, bando halitaisha. Zama zile wakimbiaji wengi walisubiriana wakaja kukimbizana mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu bastola ilipolia, akawaacha, na John Walker wa New Zealand akaja kumkaribia mwishoni bila kumpata. 3:32.2, rekodi ya dunia. Mwambie kijana aangalie mabega ya Bayi, jinsi yalivyotulia wakati wenzake nyuma wanapapatika.

Halafu mwonyeshe Mtanzania mwingine, John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968.

Karani wa Ligula

Nawashukuru wote. Dada, nimekusikia, Jumatatu naenda kupima kwa utaratibu uliouandika. Ng'onda nimemwachia mama watoto akaloweke.

Jana na leo nimetembea tu, dakika 40, mtoto amejaza kijani baada ya kufikiri kidogo.

Tulimtazama Bayi mara nne. Kisha Akhwari. Yule mzee alianguka njiani kwenye marathoni, goti likaumia, wenzake wakamaliza, jua likazama, naye akaingia uwanjani amefungwa bandeji mguuni, anachechemea, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Mwanangu alikaa kimya, akaniuliza, "Baba, mbona yeye na goti lake hakupumzika?" Sikuwa na jibu. Mzee wa Mitwero, wewe ndiye uliyetutuma huko.

Mstaafu wa Mitwero

Swali zuri, na mtoto asikatazwe kuliuliza. Mjibu hivi: Akhwari siku ile alikuwa na mbio moja, mbele ya dunia, kwa niaba ya nchi iliyopata uhuru miaka saba tu kabla yake. Hakuwa na kesho ya kuirudia. Wewe una siku 60 mbele, na baada ya hizo una miaka ya kumlea. Aliyelitoa goti kwa siku moja tunamheshimu. Hakulitoa kila alfajiri.

Nahodha wa Mikindani

Ndugu Karani, mimi si mtu wa riadha, ni mtu wa bahari. Nimesoma uzi wote na kuna neno hakuna aliyeligusa. Umesema goti linauma, linaachia, linarudi. Hebu nenda kwenye ile karatasi ya mtoto unitajie siku nyekundu ni zipi, usikose hata moja.

Karani wa Ligula

Nahodha, tumesimama wote wawili mbele ya mlango na tochi ya simu. Nyekundu ni siku ya 9, 10 na 11. Halafu 24, 25 na 26. Halafu 38 na 39. Kijana amehesabu kwa kidole kabla yangu: kutoka 9 hadi 24 ni siku 15, kutoka 24 hadi 38 ni 14. Kwa nini umeuliza?

Nahodha wa Mikindani

Kwa sababu hiyo ni bamvua, ndugu yangu.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14 au 15. Na pwani yetu hii, siku za bamvua maji yanajaa alfajiri, saa kumi hivi, na yanakupwa saa nne asubuhi. Ndiyo maana akina mama wanaokwenda pweza na chaza huwaoni alfajiri siku hizo, wanashuka jua likishapanda.

Sasa wewe unashuka saa kumi na moja. Siku za maji mafu saa hiyo bahari imerudi nyuma, unakanyaga mchanga ule mgumu, mpana, tambarare, uliolowa, nyayo hazizami. Siku za bamvua bahari bado iko juu. Umebakiwa na kipande chembamba cha mchanga mkavu unaozama, tena kimelala upande. Mguu wa kushoto ulio upande wa maji uko chini, wa kulia uko juu, kilomita tatu nzima. Na kurudi hupiti njia ile ile ili miguu ibadilishane, unapanda lami. Kwa hiyo goti la kushoto peke yake ndilo linalobeba mzigo wa ule mteremko. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, ndiyo maana baada ya siku tatu nne unaona limepona lenyewe.

Siku ya bamvua usishuke Shangani alfajiri. Tafuta nyasi za kiwanja chochote cha mpira, au tembea barabarani. Siku za maji mafu shuka, na ukifika nusu geuza urudi kwa mchanga huo huo.

Dada wa Zamu ya Usiku

Nahodha, nimeisoma mara mbili. Inaingia akilini kabisa. Kaka, fanya hivyo, na goti bado liangaliwe kama halijatulia wiki hii.

Kijana wa Chikongola

Mzee, naufuta ushauri wangu wa bandeji.

Karani wa Ligula

Leo ni siku ya 46. Nilisubiri nijaribu kwanza ndipo niandike.

Alfajiri nimeshuka na kijana, ameomba mwenyewe. Maji yalikuwa mbali. Tulikimbia kilomita moja na nusu, tukageuza, tukarudi kwa nyayo zetu, bado zilikuwa pale, za kwangu na zake kando. Nilikanyaga mchanga mgumu nikawa nasikiliza goti kila hatua. Halikusema kitu. Ngazi za barazani nimeshuka bila kushika ukuta.

Presha nimepima siku tatu: 142 kwa 90, 138 kwa 88, 140 kwa 89. Daktari amenipa tarehe ya kurudi baada ya mwezi, ameniambia niendelee na kutembea, na chumvi ameisema kama alivyoisema dada.

Simbu tumemtazama jana, mita 200 za mwisho kama alivyoagiza kijana wetu wa Chikongola, kisha mtoto akadai tuanze kilomita mbili nyuma, nikakubali, bando likaenda.

Kwenye manila ameongeza rangi ya bluu. Amehesabu mbele na kuzungushia siku za bamvua zote: 53 hadi 55, 68 hadi 70, 83 hadi 85, na 97 hadi mwisho. Siku ya 100 yenyewe imeangukia humo. Kwa hiyo siku hiyo sitakimbia. Ameomba tuitembee wote wawili kwa barabara mpaka Mikindani. Nahodha, kama hutakuwa baharini asubuhi hiyo, tutapita kukusalimu.