'Gollum' au 'Hobbit'?

Swali: Wadau, nina mimea miwili ya Crassula ovata (mmea wa jade, wenye majani manene), lebo zimepotea. Nitatofautishaje aina zake za bustani, 'Gollum' na 'Hobbit'? Nikiotesha mbegu, jina linabaki?

Jibu 1: Angalia majani. Ya 'Gollum' ni mirija iliyofungana, ncha imebonyea kama kikombe, mara nyingi ina ukingo mwekundu. Ya 'Hobbit' yamejikunja tu kwa nyuma, bapa la jani bado linaonekana. Weka kwenye mwanga mkali kwanza. Kivulini majani hurefuka na kukupoteza.

Jibu 2: Mbegu hapana, miche huenda isifanane na mama, kwa hiyo jina la aina halifuati. Kata tawi la sentimita 8 hivi, liache kivulini siku 5 kidonda kikauke, ndipo upande kwenye mchanga wa changarawe. Ukimwagilia kidonda kibichi, shina linaoza.

Jibu 3: Tawi likitoa majani bapa ya kawaida, likate mpaka shinani upesi. Hukua haraka kuliko mengine na kuyafunika.