Tupeane uzoefu: dari ya jipsamu imelowa, unaanzia wapi?

Wakuu, masika ikishachanganya huku Arusha na Moshi, madoa ya rangi ya chai hayakosi darini. Wanaojua bati na jipsamu tuwekeeni hatua. Jibu la "ita fundi" tumeshalisikia.

Kenchi_Njiro: Dari ikituna, zima meni swichi kwanza, nyaya za taa zimepita humohumo. Weka ndoo, toboa kwa bisibisi pale palipotuna zaidi. Maji ya kina cha sentimita 1 juu ya bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4 ni karibu lita 29, yaani kilo 29, na jipsamu iliyolowa haishiki skrubu. Kitundu kitazibwa kwa puti. Bodi ikishuka nzima, inang'oka na konisi (urembo wa pembeni, dari inapokutana na ukuta).

MzeeBati: Usitafute tundu juu ya doa. Maji hufuata mbao za kenchi, yanaweza kudondokea mita kadhaa mbele. Panda darini jua likiwaka, zima tochi, tafuta vijimwanga kwenye misumari. Usipoona kitu, mtu amwagie bati kwa mpira akianzia chini kupanda kwenye kofia (bati la kileleni), dakika 10 kila sehemu. Ukianzia juu, maji yanashuka kote na hutajua yameingilia wapi. Bonde la paa, pale miteremko miwili inapokutana, likague kwa makini, na mfereji pia: majani ya mgrivelia yakiuziba, maji yanafurika kuelekea ndani na doa linatokea pembeni mwa ukuta.

Msumari uliolegea usiugongelee palepale. Bati hutanuka juani na kunywea usiku, tundu limeshapanuka. Ng'oa, weka skrubu ya bati iliyo nene zaidi, yenye washa ya mpira. Kuziba bati kwa saruji ni kujidanganya. Itapasuka kwa sababu hiyohiyo.

Dada_Kiboriloni: Matone bila mvua, hasa Juni na Julai? Hilo ni jasho la bati. Mvuke wa jikoni na bafuni unapanda na kukutana na bati la baridi. Acha matundu ya hewa chini ya upenu, yawe na wavu (popo hawahitaji mwaliko). Kama kuna simtanki au bomba juu, zungushia doa penseli na uandike tarehe. Likikua siku kavu, kagua bomba.

Mkuu_Sakina: Mimi napaka rangi ya maji mara 3, doa linarudi. Kwa nini?

Kenchi_Njiro: Mkuu, maji ya rangi yanayeyusha doa na kulipandisha juu. Acha pakauke kabisa, kipindi cha mawingu hata wiki 2 au zaidi. Bonyeza kwa kidole: palipolainika kata mraba mpaka katikati ya blandaring (mbao zinazoshikilia bodi), weka kipande cha unene uleule, skrubu kila sentimita 15 hivi, tepu ya nyavu kwenye maungio, puti mikono 3 myembamba, msasa. Kisha mkono 1 wa andakoti ya mafuta juu ya doa, ukauke, ndipo rangi ya maji mikono 2. Paka dari nzima, kiraka peke yake kitaonekana.