Kuwinda kulungu kwa mara ya kwanza: upinde au bunduki, ulingoni au kunyatia?

Kijana wa Usa River

Wakuu salaam. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji na mlioko ughaibuni.

Dada yangu ameolewa Minnesota, Marekani. Shemeji amenialika Novemba tukawinde kulungu, ni desturi ya familia yao, hata dada mwenyewe mwaka juzi alikwenda. Mimi bunduki sijaigusa tangu JKT. Shemeji anataka nimjibu kabla Septemba haijaisha: nitumie upinde, ule wa kisasa wenye magurudumu, au bunduki? Na je, nikae ulingoni juu ya mti nikimsubiri mnyama, au tutembee porini tukimnyatia? Vifaa vyote anavyo.

Moyo wangu uko kwenye upinde. Naona una heshima zaidi kwa mnyama. Lakini sitaki kumjeruhi kiumbe cha Mungu kwa sababu ya kujifunza kwangu. Ninyi mngechagua nini?

Msasi Mstaafu (Monduli)

Kijana wangu, nimefuata nyayo miaka ishirini na miwili katika vitalu vya Longido na Simanjiro. Huyo mnyama wa Marekani sijamwona kwa macho, ila kujeruhi nakujua, na umeuliza swali la maana.

Jioni moja mgeni alimpiga swala granti dume. Bunduki nzuri, darubini nzuri, lakini alikuwa na haraka kwa sababu jua lilikuwa linazama. Risasi ikapita chini ya kifua. Nilikuta matone manne ya damu juu ya jani la mkole, halafu hatua thelathini hakuna kitu, halafu tone moja kwenye jiwe. Tulifuata mpaka giza. Asubuhi tukakuta fisi wamemaliza, imebaki ngozi ya kichwa na pembe. Yule mgeni alikaa chini akalia, na mimi sikumlaumu kulia. Hiyo ilikuwa bunduki, mikononi mwa mtu aliyekwisha kuwinda mara nyingi. Upinde unataka zaidi ya hapo.

Kwa hiyo chukua bunduki, na ukae usubiri. Kunyatia ni kazi ya mtu anayejua kuweka mguu. Wewe utakanyaga kijiti kikavu na kila mnyama wa bonde lile atajua umefika.

Na kabla ya bunduki jifunze upepo. Sisi tulibeba soksi kuukuu iliyojaa jivu laini la kuni. Unaipiga kidole, jivu linatoka kama moshi mdogo, unaangalia linakwenda wapi. Likienda kwa mnyama, ondoka, hata kama umekaa pazuri namna gani. Macho ya mnyama utayadanganya kwa kutulia, pua yake hutaidanganya.

Mrombo Ughaibuni

Shikamoo mzee. Mdogo wangu, mimi niko Minnesota mwaka wa tisa na kulungu wa huku nawala kila msimu. Naongezea ya huku.

Kwanza karatasi, maana bila hizo hakuna upinde wala bunduki. Minnesota, kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 anatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha ndipo auziwe leseni. Kwa wanaoanza kuna utaratibu wa kuwinda chini ya uangalizi wa mtu mzima mwenye leseni kamili. Mwambie shemeji aulize Idara ya Maliasili ya jimbo mapema, pamoja na ada ya mtu asiye mkazi. Pia wewe unakuja kwa viza ya matembezi, na sheria ya shirikisho inamkataza mgeni wa viza kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti fulani. Mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Usiguse bunduki ya shemeji, hata ya kulengea shabaha, kabla leseni haijawa mfukoni.

Sasa ulinganisho. Msimu wa upinde unaanza katikati ya Septemba na ni mrefu, pori limetulia. Wa bunduki unafunguliwa mwanzoni mwa Novemba, ni mfupi na watu ni wengi. Uzuri wake ni kwamba Novemba ndiyo majira ya kupandana. Madume yanafuata majike mchana kweupe, yanasahau tahadhari. Utaona wamekwangua magome ya miti kwa pembe na kufukua ardhi kwa kwato. Mtu anayeanza akikaa mahali pazuri siku tatu nne, uwezekano wa kumwona mnyama ni mkubwa.

Bunduki omba ya .243 au .308 (hayo ni majina ya ukubwa wa risasi). Ile .30-06 inaua vizuri ila teke lake begani linamfanya anayeanza afumbe macho kabla ya kufyatua. Na lenga shabaha ukiwa umekaa, kwa sababu huko ulingoni utapiga ukiwa umekaa.

Dereva wa Eyasi

Naheshimu wote hapo juu, lakini naomba niutetee upinde kidogo kabla sijakubaliana nao.

Napeleka wageni kwa Wahadzabe, Ziwa Eyasi, miaka mingi sasa. Hakuna uwindaji wenye utulivu kama ule. Nimemwona mzee mmoja akikaribia digidigi mpaka nikadhani atamshika mkono. Aliinua mguu, akausimamisha hewani, akasubiri yule mnyama ainamishe tena kichwa, ndipo akaushusha. Mshale ukatoka kama hakuna kilichotokea.

Ila tazameni kilicho nyuma yake. Mtoto wa Kihadzabe anapewa kiupinde akiwa na miaka mitatu minne, anashinda akipiga ndege na panya. Akifika miaka ishirini ameshapiga mishale isiyohesabika. Na kwa mnyama mkubwa wana sumu inayopikwa kutokana na utomvu wa mimea. Mshale wa kisasa hauna sumu, unaua kwa kukata na kumwaga damu tu, kwa hiyo lazima upite kwenye mapafu au moyo. Ukikosea kwa kiganja kimoja, umemtesa.

Kaka, wiki saba hazitoshi. Kama moyo wako uko kwenye upinde, anza sasa kwa ajili ya mwaka kesho.

Mrombo Ughaibuni

Dereva amesema kweli. Niongeze moja ambalo wengi hawalifikirii. Mshale wa upinde wa kisasa unakwenda chini ya mita 100 kwa sekunde, sauti inakwenda zaidi ya mita 330. Kulungu anasikia mlio wa kamba kabla mshale haujafika, na akishtuka anainama kwanza ili aruke. Mshale unapita juu ya mgongo au unampiga pabaya. Ndiyo maana wapiga upinde wenye busara wanasubiri mita 20, na mnyama awe hana wasiwasi kabisa. Kwa bunduki mita 100 ni umbali wa kawaida.

Fundi wa Njiro

Samahani wakuu, kwa nini aende mpaka Marekani na hapa swala wamejaa? Awinde hapa, gharama ndogo.

Dada wa Mweka

Kaka Fundi, hapa kuna sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Unahitaji leseni ya uwindaji kutoka kwa mamlaka husika, silaha iliyosajiliwa kisheria, eneo lililoruhusiwa na mnyama aliyetajwa kwenye leseni. Digidigi mmoja bila kibali ni ujangili, na watu wamefungwa. Njia halali ipo, ila si ya kuambiwa "swala wamejaa". Turudi kwa kijana.

Kwanza jina, maana litamchanganya akifika. Kulungu tunayemjua huku, ambaye wengine humwita pongo au mbawala, ni wa jamii moja na tandala. Pembe za dume lake zina mfupa ndani na gamba nje, zikishaota hukaa kichwani mpaka kufa, hazianguki. Yule wa Marekani ni jamii nyingine kabisa, na haipo porini kwetu. Pembe zake ni mfupa mtupu, zinaota na kuanguka kila mwaka, na majike hawana. Anayewindwa Minnesota ana mkia mweupe kwa chini. Akishtuka anauinua kama bendera, na ukiuona umechelewa.

Pili, rangi. Msimu wa bunduki Minnesota ni lazima kuvaa rangi ya machungwa kali au waridi kali. Watu wanaogopa kwamba mnyama atawaona. Macho yake hayatofautishi vizuri machungwa na kijani. Rangi anayoiona vizuri ni bluu, kwa hiyo jinzi iache nyumbani kwa dada.

Tatu, na hili nalisema kwa uzito: kuna ugonjwa wa kudhoofika unaowaua hao wanyama, uligunduliwa Colorado mwaka 1967 na Minnesota upo pia. Unasababishwa na prioni, protini iliyoharibika, ambayo kuchemsha nyama hakuiui. Haijathibitishwa kwamba unaambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama mwenye ugonjwa isiliwe. Mpelekeni mnyama wenu akapimwe, msubiri majibu ndipo mle.

Kijana wa Usa River

Asanteni sana, hasa mzee. Shikamoo. Nimeelewa kuhusu upinde, nauacha mwaka huu. Naomba kujua: nikimwona, nilenge wapi hasa?

Msasi Mstaafu (Monduli)

Marahaba. Msubiri asimame ubavu. Fuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini kwenda juu, ukifika theluthi moja ya kifua, hapo hapo. Usisogee nyuma.

Mrombo Ughaibuni

Mzee, naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Huku tunafundishwa nyuma kidogo ya bega, upana wa kiganja. Ukipiga juu ya mguu unaharibu nyama ya bega.

Dada wa Mweka

Wote wawili mko sahihi, kila mmoja kwa mnyama wake. Swala na nyumbu wetu, moyo na mapafu yamekaa mbele zaidi, yamefunikwa na bega. Kulungu wa Marekani mapafu yake yanaenea nyuma ya bega, na hapo ni ubavu mwembamba. Kijana, kwa safari hii mfuate Mrombo. Akikutazama uso kwa uso, au akikupa mgongo, usipige. Kichwa usikilenge kabisa, ni kidogo na hakitulii.

Msasi Mstaafu (Monduli)

Nimekubali, mwanangu. Mnyama wake, mwalimu wake.

Ila baada ya risasi mnyama ni wangu. Usiruke kutoka ulingoni. Kariri aliposimama, kariri kichaka alichoingilia, kaa nusu saa. Kisha nenda ukasome damu. Nyekundu inayong'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ini, subiri saa kadhaa. Ikiwa na majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, rudini nyumbani kwanza, mje baadaye sana. Ukimfukuza huyo atakwenda kilomita na hutamwona. Akilala peke yake bila kusumbuliwa, utamkuta pale pale.

Mpanda Mlima wa Kiboriloni

Naomba niseme la baridi, maana ndiyo kazi yangu. Baridi ya Minnesota Novemba ni kama ya Kibo usiku wa kuelekea kileleni. Tofauti ni kwamba mlimani unatembea, damu inachemka. Ulingoni utakaa saa nne bila kujongea. Nimeona wapagazi wenye nguvu wakitetemeka walipoamriwa kusimama dakika ishirini tu.

Njoo Kiboriloni soko la mitumba, tafuta nguo za ndani za sufu na buti kubwa namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie bila kubana. Buti linalobana linaleta baridi. Ukienda ulingoni alfajiri, tembea koti likiwa wazi, taratibu, usitoke jasho. Ukifika ndipo uvae yote. Jasho ndilo litakaloganda mgongoni saa moja baadaye, na harufu yake ndiyo anayoitaja mzee.

Kuhusu upepo pia, penye vilima kuna desturi. Usiku na alfajiri hewa baridi inateremka. Jua likipasha moto miteremko, inageuka na kupanda. Mahali palipokuwa salama saa kumi na mbili asubuhi panaweza kukusaliti saa tatu.

Mrombo Ughaibuni

Nimesahau kubwa kuliko yote. Kuanguka kutoka ulingoni ni moja ya sababu kuu za watu kuumia vibaya katika uwindaji huu. Funga mkanda wa usalama ukiwa bado chini, usiufungue mpaka urudi chini. Bunduki usipande nayo mkononi. Ifunge kwa kamba ikiwa haina risasi, ipandishe baada ya wewe kukaa. Kama urefu unakutia hofu, mwombe shemeji kibanda cha kuvizia cha ardhini. Si aibu, watoto wake ndimo walimoanzia. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua, na jua kilicho nyuma ya mnyama.

Kijana wa Usa River

Nimeshamwandikia shemeji: bunduki ya .243, kibanda cha ardhini pembeni mwa shamba la mahindi, na kama leseni itaruhusu nianze na jike. Amefurahi sana. Ameniuliza nani amenifundisha kuhusu kibanda.

Mzee, soksi nimeitengeneza. Nimechekecha jivu la jikoni kwa mama kwa kipande cha chandarua. Jana niliamka saa kumi na moja, nikakaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba bila simu mpaka saa tatu. Mwanzoni jivu lilitoka Meru likishuka kuelekea barabarani. Jua lilipofika kwenye migomba likasimama, likazunguka zunguka hapo hapo kama dakika kumi. Halafu likageuka, likaanza kupanda mlimani. Nilikuwa nimekaa upande usiofaa.