London kwa Hawker 800XP, mara ya kwanza: Farnborough, Biggin Hill, Luton au City?

Mwewe_Wilson

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnilinganishie viwanja. Ndege ni Hawker 800XP, jeti ndogo ya biashara, ya usajili wa 5Y (Kenya), uzito wa juu wa kuruka tani 12.7. Abiria wanne, Nairobi hadi London, usiku tatu pale, kisha kurudi. Ni Januari. Bosi ana mikutano Mayfair na Canary Wharf, na ameshaambiwa na rafiki zake kwamba City iko hapo hapo pembeni. Marubani wote wawili hawajawahi kutua Ulaya. Nimebaki na viwanja vinne: City, Farnborough, Biggin Hill na Luton. Kipi, na kwa sababu gani? Pia, tutumie kampuni ya kupanga safari au tuongee na mawakala wenyewe?

Dispacha_Embakasi

Kapteni, City iondoe leo kabla bosi hajaizoea kichwani. Njia ya kurukia ina mita 1,508, lakini LDA, ule urefu uliotangazwa kwa kutua, ni mita 1,319 tu. Piga hesabu. Safari ya kukodishwa inataka jeti isimame ndani ya asilimia 60 ya LDA. Jedwali la kitabu cha ndege likikupa mita 800, gawanya kwa 0.6 upate 1,333. Umeshakosa, na lami bado ni kavu. Lami ikilowa unaongeza asilimia 15, unafika 1,533. Januari London, panga kama itakuwa imelowa.

Hapo hatujagusa mteremko, ambao ni nyuzi 5.5 badala ya 3 mlizozoea. Kwa mwendo wa noti 120 juu ya ardhi, nyuzi 3 zinakushusha kama futi 640 kwa dakika. Nyuzi 5.5 ni karibu 1,170. Ndege lazima iwe imeidhinishwa kwa mteremko mkali, na marubani wawe wamefunzwa na kukubaliwa kwa uwanja huo hasa. Hilo halimalizwi kwa wiki mbili. Tena hufungwa Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana. Canary Wharf bosi atafika kwa gari.

Kipanga_Syokimau

Kura yangu Farnborough. Njia ina mita 2,440 na uwanja ni wa ndege za biashara, hakuna ndege za ratiba za kusukumana nazo. Tangu 2020 umezungukwa na anga inayodhibitiwa, kwa hiyo unaongozwa kwa rada mpaka unaikamata ILS, miale ya redio inayokuongoza kutua. Kwa rubani mgeni, hilo linazidi thamani ya muda wa ziada barabarani.

Ila usitue na 2,440 kichwani. Vizingiti, mistari ambapo kutua kunaruhusiwa kuanza, vimesogezwa ndani, na LDA ni fupi kuliko lami unayoiona. Chukua takwimu kwenye AIP, kitabu rasmi cha taarifa za viwanja vya Uingereza, kwa ncha zote mbili za njia, 06 na 24, kwa sababu upepo unaweza kugeuka mkiwa bado juu ya Ufaransa.

Ubaya wake ni saa. Siku za kazi ni 07:00 hadi 22:00, wikendi na sikukuu 08:00 hadi 20:00. Ukifika 22:10 hutui, hata bosi awe nani.

MamaRada

Kaka Kipanga, hapo kwenye saa ndipo safari hii itakapokwama. Nairobi hadi London ni kama maili za baharini 3,700, na Cairo iko karibu katikati kabisa, 1,900 kila upande kwa mstari ulionyooka. Lakini anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023, kwa hiyo mstari ulionyooka sahau: mnazunguka kwa Ethiopia, Bahari ya Shamu, upande wa Saudia, ndipo Misri. Lori la mafuta Cairo likichelewa saa moja na upepo wa Januari ukiwa usoni mguu wa pili, Farnborough inageuka mashaka.

Biggin Hill siku za kazi iko wazi 06:30 hadi 23:00. Njia ni kama mita 1,800, inaitosha Hawker iliyokwisha kuchoma mafuta, na kuna helikopta ya kumpeleka bosi Battersea, kituo cha helikopta jijini, kwa dakika chache. Mimi ningeenda Biggin.

Kipanga_Syokimau

Dada, waambie na la anga basi. Biggin eneo lake la uwanja ni Daraja G, yaani anga isiyodhibitiwa. Mkishashushwa nje ya anga ya London mnachanganyika na vindege vya wanafunzi, na mwongozaji hana wajibu wa kuwatenganisha isipokuwa kwa huduma mliyoiomba. Uingereza ina huduma nne: Basic (taarifa tu), Traffic (unaonywa kuhusu ndege za karibu), Deconfliction (unaelekezwa mbali nazo) na Procedural (bila rada). Ukipewa Basic ukadhani uko chini ya rada kama Nairobi, umekaa pabaya. Omba Traffic mapema, na ukiwa mawinguni omba Deconfliction. Uamuzi huo rubani mgeni anaufanya huku anateremka, anapunguza mwendo na anasikia lafudhi ngeni.

MamaRada

Kweli, ila ni ukurasa mmoja wa kusoma mkiwa hotelini Cairo. Saa za kufungwa kwa uwanja haziongezeki kwa kusoma.

Dispacha_Embakasi

Luton kwa ufupi: mita 2,162, huduma nzuri, lakini uwanja una ndege nyingi za ratiba. Sloti, yaani nafasi za muda wa kutua na kuondoka, ni ngumu na maegesho ya usiku tatu yanaweza kukataliwa, mkalazimika kuwashusha abiria na kuipeleka ndege kulala kwingine. Iweke ya tatu.

Kwa uwanja mbadala chukua Stansted, mita 3,049. Mwarifu wakala wa pale kabla ya kuondoka Nairobi kwamba mmeuandika. Siku ya ukungu kila jeti ya kusini mwa Uingereza inaandika viwanja vile vile, na nafasi za kuegesha zinaisha. Hawker yenu kama imeidhinishwa kwa CAT I tu, daraja la kawaida la kutua kwa ILS, mnahitaji RVR, umbali wa kuona kwenye njia, ya mita 550. Ukungu wa Januari asubuhi unashuka chini ya hapo bila taabu.

Fundi_Hanga

Mnaongelea kutua tu. Ndege ikilala nje usiku tatu Januari, kazi iko kwenye kuondoka.

Tarehe 4 Januari 2002 Challenger 604 iliruka Birmingham baada ya kulala nje kwenye baridi kali. Mabawa yalikuwa na sakitu, ile barafu nyembamba kama unga, na haikuondolewa. Bawa moja lilipoteza nguvu ya kuinua mara tu magurudumu yalipoinuka, ndege ikabingirika. Watu wote watano walikufa. Sakitu ile mtu angeweza kuikwangua kwa ukucha.

Kwa hiyo swali langu kwa kila uwanja ni moja: hanga, banda la ndege, ipo? Uliza bei ya usiku tatu ndani ya hanga, kisha uilinganishe na bei ya kunyunyiziwa dawa ya barafu asubuhi, ambayo hutozwa kwa lita na bado inakupanga foleni. Mara nyingi hanga inashinda. Ikikosekana, panga hivi: rubani mmoja afike saa moja na nusu kabla, apande ngazi, apitishe kiganja kitupu juu ya bawa, karibu na ukingo wa mbele na kwenye mkia. Macho pekee hayatoshi, hasa chini ya taa za uwanja kwenye rangi nyeupe. Kukiwa na chochote, ita dawa. Type I iliyopashwa moto inaondoa, Type IV inalinda mkiwa mnasubiri. Muda wa ulinzi huanza pale upakaji wa mwisho unapoanza, hesabu hapo. Theluji ikizidi unakwisha haraka.

Hawker ina TKS, mfumo wa kutoa majimaji ya kuzuia barafu, kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Msije mkadhani hiyo inasafisha sakitu ardhini. Ni ya angani, na inalowesha ukingo. Sakitu ya juu ya bawa haiigusi.

Na usiku mwage maji yote, ya kunywa na ya choo. Bomba likiganda linapasuka, na utaligundua likianza kuvuja kwenye zulia la bosi juu ya Ufaransa.

Mwewe_Wilson

Asante sana Fundi, hilo la hanga sikuwa nimelitia kwenye hesabu kabisa. Na karatasi je? Nasikia ukaguzi wa ghafla kule ni mkali.

Dispacha_Embakasi

Ndiyo, na zinazoangusha ndege zetu ni ndogo ndogo. Cheti cha kelele hakimo kwenye jalada. Leseni haina alama ya kiwango cha Kiingereza. Rubani ambaye cheti chake cha afya kinamtaka avae miwani hana miwani ya akiba. MEL, orodha ya vifaa vinavyoweza kuwa vibovu na ndege bado ikaruka, ni ya toleo la zamani. Wenye begi la ukaguzi hawabishani. Wanaandika, na kosa likiwa kategoria ya 3, kubwa kuliko zote, ndege inaweza kuzuiwa mpaka lirekebishwe.

Bima ndiyo mtego wenu hasa. Sheria ya Ulaya, na Uingereza imeibakiza, inapanga bima ya mtu wa tatu kwa uzito: chini ya tani 12 ni SDR (kizio cha fedha cha IMF) milioni 18, kutoka 12 hadi chini ya 25 ni SDR milioni 80. Hawker yenye 12.7 imevuka mstari kwa kilo mia saba. Hakikisha cheti chenyewe kinataja kiasi hicho, maana barua ya dalali inayosema “bima kamili” haitasaidia.

Kama ni safari ya kukodishwa, mnahitaji kibali cha CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, na idhini ya mwendeshaji wa nchi ya tatu. Ikiwa mwenye ndege anasafiri na ndege yake bila malipo, hivyo havihitajiki, lakini GAR, fomu ya kuwaarifu Waingereza kuhusu ndege na waliomo, inatumwa kwa vyovyote: si mapema kuliko saa 48 na si chini ya saa 2 kabla ya kuondoka uwanja wa mwisho kabla ya Uingereza. Kwenu ni Cairo. Fundi mnayembeba awe kwenye orodha ya wafanyakazi wa ndege kihalali, la sivyo ni abiria na anatafutiwa viza kama abiria.

Nahodha_Ngong

Niongeze mambo mawili ya kuruka ambayo wageni wa Nairobi huyakosa.

La kwanza altimita. London kimo cha kubadilisha altimita, kati ya QNH (shinikizo la hewa la mahali) na 1013 ya kawaida, ni futi 6,000. Sisi uwanja wenyewe uko juu ya futi 5,300, mkono umezoea kubadilisha mbali zaidi juu. Tena QNH ya Nairobi haichezi sana, lakini kimbunga cha Januari kinaweza kuishusha London hadi 980. Mkibaki kwenye 1013, tofauti ni hektopaskali 33, kama futi 28 kila moja: mko chini kwa zaidi ya futi 900 kuliko mnavyosoma. Andika QNH ya uwanja kwenye karatasi mkiwa bado juu, na anayeishika redio airudie yote pamoja na neno hektopaskali. Waingereza hulitamka kila QNH ikiwa chini ya 1000, na kulisikia ndiyo onyo lenyewe.

La pili ni kupanda. Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye joto la nyuzi 25 ndege inajisikia kama iko futi 8,000, inapanda kwa kusitasita. Asubuhi ya nyuzi 2 karibu na usawa wa bahari, nyepesi, Hawker ile ile inafyatuka. Utaratibu wa kuondoka unakusimamisha 3,000, 4,000 au 5,000, na juu yako kuna ndege ya Heathrow. Punguzeni hadi futi 1,500 kwa dakika au chini yake futi elfu moja kabla ya kimo mlichopewa. Mkichelewa, TCAS, kifaa cha kuzuia ndege kugongana, ndiyo itakayowaamulia.

MamaRada

Kuhusu wakala, mimi ningeigawa. Vibali vya nchi zote za njiani pamoja na huduma ya Cairo, ipe kampuni ya kupanga safari. Wana mtu wa kufuatilia usiku, na namba za vibali lazima ziingie kipengele cha 18 cha mpango wa safari kabla hamjaondoka. London fanyeni wenyewe kwa barua pepe: maegesho, hanga, gari, dawa ya barafu. Ukipitia mtu wa kati huko unalipa ankara ile ile na ada juu yake.

Mafuta Cairo agizeni kwa lita na mhakikishe risiti. Geji zenu za mafuta zinasoma pauni za uzito. Pauni 6,000 ni kilo 2,722. Kwa uzito wa kilo 0.8 kwa lita ni kama lita 3,400. Karatasi ikiandikwa 900 tu, hizo ni galoni za Marekani, kiasi kile kile. Anayesaini aandike kizio kwa mkono kabla ya sahihi.

Na ondokeni JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, si Wilson. Kwa mafuta ya mguu ule mnataka zile mita 4,117 za njia yake.

Mwewe_Wilson

Nimeelewa. Tukiondoka JKIA saa kumi na mbili asubuhi, Farnborough inawezekana au tubaki na Biggin?

Kipanga_Syokimau

Saa 06:00 za Nairobi ni 03:00Z (Zulu, yaani saa za GMT). Hata mkipewa saa sita za mguu wa kwanza, mbili za Cairo na sita za pili, mnatua 17:00Z, na Januari London ni Zulu. Farnborough mna saa tano za akiba siku ya kazi, tatu wikendi. Hanga ikipatikana hapo, chukueni. Ila saa kumi na nne pamoja na maandalizi zinaweza kuvuka kikomo cha kazi cha marubani wawili, kwa hiyo piga hesabu hiyo kwanza: ama rubani wa tatu, ama mlale Cairo.

MamaRada

Kwa akiba hiyo nakubali Farnborough. Siku ya kurudi, mpango wa safari uingie saa tatu kabla, na mkipewa CTOT, muda maalum wa kuruka, dirisha ni dakika 5 kabla hadi 10 baada. Bosi akichelewa, tumeni ujumbe wa DLA (wa kuchelewa) mara tu mnapoona kuondoka kutasogea zaidi ya dakika 15. Msimngoje kwanza afike kwenye gari.