Ini la mama lina mafuta, naombeni ushauri

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Lamu, Langoni. Mama amepigwa picha ya tumbo, ini limeonekana lina mafuta, na trigliseridi (aina ya mafuta) kwenye damu ziko juu. Nimesoma kwamba seli ya ini huyafunga mafuta kwenye protini iitwayo apoB-100, moja tu kwa kila chembe, kisha huitoa chembe hiyo kwenye damu kama VLDL. Yaani ini husafirisha kama jahazi, ila kwa mama shehena inayoingia inazidi inayotoka. Nilipokwama ni hapa: dawa ikizuia ufungaji huo, mafuta si yatarundikana inini? Na mama hali vinono, wallahi. Ni chai ya sukari tele na mahamri, asubuhi na jioni. Waliouguza wazazi, mlianza kupunguza nini?